Ako na Akili Timamu?

Hilo ndilo swali la pili nililoulizwa usiku ule kwenye simu. La kwanza lilikuwa tuko wapi, nikajibu haraka: Kiserian, ukishuka kwa mathree za 126 unafuata njia ya bwawa. La pili likanishika ulimi.

Anko, ndugu yake mathe, alikuwa ameketi jikoni, mkono umefungwa taulo, na taulo lishaanza kuwa jekundu. Alikuwa amevunja dirisha. Anaishi na skizofrenia tangu nikiwa darasa la tatu. Basi nikasema ukweli wote: "Ni mgonjwa wa akili, na anakataa kwenda hosi." Jamaa wa ambulensi akanyamaza kidogo. Kisha akasema tuanzie kwa chifu au polisi, maana mtu wa hivyo yeye habebi bila karao.

Nilikuwa nimepiga simu kuhusu mkono. Tulipomaliza kuongea, mkono ulikuwa umesahaulika.

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini ile tabia ya kufukua mambo ya kale haijaniacha. Nikataka kujua: hapa kwetu, nani alianza kupewa kazi ya kujibu swali hili?

Hospitali ya Mathari, kule Thika Road, ilifunguliwa 1910 kama nyumba ya vichaa ya Nairobi, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Jina la Mathari lilikuja 1924. Sheria ya kuwaingiza watu ndani ilikuwa ya India, ya mwaka 1858, Waingereza wameivusha bahari jinsi walivyovusha zile za reli. Koloni ilipata sheria yake ya wagonjwa wa akili 1933.

Aliyeingizwa huko na ambaye wengi tunamjua kwa jina ni Elijah Masinde, mchezaji soka wa Kimilili na kiongozi wa Dini ya Msambwa. Aliwaambia watu waziwazi kwamba Wazungu warudi kwao. Mwaka 1945, baada ya kukwaruzana na maafisa wa serikali, alipelekwa Mathari. Akatoka 1947, na mwaka huohuo akaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza 1895. Serikali ikapiga dini yake marufuku 1948.

Alikuwa mgonjwa? Mimi si daktari. Lakini ona jinsi "anatukataa" na "hana akili" vilivyoweza kukaa kwenye faili moja, na mwenye kalamu asione shida yoyote.

Mkuu wa Mathari wakati huo alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Alipewa hospitali hiyo 1938 bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka 2 baadaye Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na 1954 serikali ya koloni ikachapisha kingine alichoandika, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wanadai ardhi yao, yeye anatafuta kasoro kichwani mwao. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alimjibu kwenye kitabu chake cha 1961.

Uhuru ulikuja, lakini swali halikurudi kwa mgonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilimpa inspekta wa polisi, chifu na hata naibu wa chifu mamlaka ya kumshika mtu wanayeamini ana ugonjwa wa akili. Kuamini kulitosha. Na sheria hiyohiyo ilisema anayelazwa bila hiari yake ni yule asiyeweza kueleza kama anataka matibabu au hataki. Sasa Anko je? Anko alikuwa anaeleza kwa sauti iliyofika kwa majirani.

Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haijaongeza "isipokuwa mgonjwa wa akili." Marekebisho ya 2022 nayo yakaweka wazi haki ya mgonjwa kukubali au kukataa matibabu, na nafasi ya mtu wa karibu wa kumsaidia. Uingereza, waliotuletea sheria ya 1858, wao sheria yao ya 2005 huanza kwa kuchukulia kwamba mtu mzima anaweza kujiamulia. Anayepinga ndiye athibitishe: je, mtu huyu ameelewa jambo hili, analikumbuka, amelipima, anaweza kutoa jibu? Jambo hili, saa hii. Jina la ugonjwa wake pekee halitoshi.

Usiku ule sikujua hata moja ya hayo. Mathe ndiye alijua la kufanya. Alivuta kigoda akaketi karibu na kakake, akamuuliza polepole, "Unaona hiyo damu?"

"Naiona."

"Ikiendelea hivyo itakuwaje?"

"Nitakufa, Wambui. Si mimi ni mtoto."

"Sasa mbona hutaki kwenda?"

Anko akainua ule mkono mzima, akatuonyesha kovu kwenye kifundo. "Mara ya mwisho mlinifunga kamba."

Ni kweli. Tulimfunga. Mimi ndiye nilishika miguu.

Jirani akatoa Probox yake. Anko akakaa nyuma na mathe, bila kamba, bila karao, akashonwa kwenye kliniki ndogo akiwa ametulia, akilalamika tu kuhusu sindano.

Najua kuna usiku mwingine atashindwa kujibu maswali ya mathe, na itabidi tumwamulie. Hilo linanitisha mpaka leo. Lakini tumeanza kujiandaa akiwa mzima. Kwenye mlango wa jikoni kuna karatasi, mwandiko ni wake: nani apigiwe kwanza, dawa gani humdhuru, na chini kabisa, "Msinifunge."

Nami nikipiga simu tena, sitaanza na ugonjwa wake. Nitaanza na jeraha.