Haki za Msingi na Ardhi ya Ukoo Kagera

Haki za msingi ni zile ambazo Katiba au mkataba wa kimataifa huziweka juu ya sheria za kawaida, ili mtu azidai mbele ya hakimu hata pale mila au serikali inapomkatalia. Mkoani Kagera dhamana hiyo ilipimwa kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Nyakahanga, kata ya Wilaya ya Karagwe, ni nchi ya vibanja, sawa na Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wanyambo wa huko, kama jirani zao Wahaya, huhesabu ukoo kwa upande wa baba, na kibanja cha ukoo hufuata mkondo huo.

Katiba ya Tanzania ya 1977 ilianza bila orodha ya haki zinazodaiwa mahakamani. Orodha hiyo, leo Ibara ya 12 hadi 24, iliingizwa kwa marekebisho ya 1984, lakini Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, na hadi Machi 1988 haki hizo hazikuweza kudaiwa.

Mwaka huohuo wa 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Jamaa wa mwanamke huyo akafungua shauri. Kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, bila kuiuza. Mahakama ya Mwanzo Kashasha ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya Muleba ikayarudisha kwa kutegemea haki mpya za Katiba. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza.

Februari 1990, katika kesi hiyo, inayojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Ukoo haukunyang'anywa kila kitu: jamaa anayelitaka shamba aliweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Ugumu ulikuwa kwamba Ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, wakati huo haikutaja jinsia. Neno hilo liliongezwa mwaka 2000. Jaji aliziba pengo hilo kwa hati za kimataifa: Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, linalotajwa na Katiba yenyewe katika Ibara ya 9, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Nchini Tanzania mkataba ulioridhiwa haugeuki sheria mpaka Bunge liutungie sheria. Mwalusanya aliutumia kama taa ya kuisomea Katiba, na hapo ndipo ujasiri wa hukumu ile ulipo.

Hukumu hiyo haikuzifuta kanuni za 1963. Wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua, kisha ikakataa kuzibatilisha. Walikwenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba Tanzania imekiuka wajibu wake. Kwa nchi iliyoridhia mkataba huo kwa hiari, miaka 30 ni mingi mno.

Kinga iliyo karibu zaidi na mwananchi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila au uamuzi wowote unaomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, huwa na wajumbe 7, na angalau 3 kati yao lazima wawe wanawake. Binti wa Nyakahanga anayezuiwa kibanja cha baba yake aanzie kwenye baraza hilo, na akitaje kifungu hicho kwa namba yake.