Athari za Kihisia na Kijamii za Maradhi ya HPV kwa Wanawake

Virusi vya papiloma vya binadamu, maarufu kwa kifupi cha HPV, huishi kwenye ngozi na utando laini wa mwili, na aina zinazoshambulia sehemu za siri huambukizwa hasa kwa kujamiiana. Aina zaidi ya 200 zimetambuliwa. Ile ya 6 na ya 11 husababisha sehemu kubwa ya masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri. Ya 16 na ya 18 husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Wengi wa watu wanaojamiiana, wake kwa waume, huvipata wakati fulani maishani, na kwa kawaida kinga ya mwili huviondoa ndani ya miaka miwili bila mtu kujua. Hata hivyo lawama ya maradhi haya humwangukia mwanamke karibu peke yake. Mlango wake wa kizazi ndio unaougua zaidi, yeye ndiye anayepimwa, na anayepimwa ndiye anayeulizwa maswali.

Swali linalotangulia nyumbani ni nani aliyeleta ugonjwa, na hakuna kipimo kinachoweza kulijibu. Virusi huweza kujificha mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana, hivyo mke wa ndoa ya miaka 15 anaweza kupata majibu chanya bila yeye wala mumewe kutoka nje ya ndoa. Mwanamume kwa kawaida hapimwi HPV. Mke hurudi na karatasi ya majibu, mume hana yoyote, na kutokuwa na karatasi huchukuliwa kuwa ni usafi. Hapo huzaliwa tuhuma za uhuni, kununiana, kuhama chumba, wakati mwingine kipigo au mke kurudishwa kwao. Kwa kuyahofia hayo, wapo wanaoamua kunyamaza, na kunyamaza huko huwakosesha matibabu.

Masundosundo hayaui, lakini aibu yake ni nzito kuliko madhara yake mwilini. Hutibiwa kwa dawa ya kupaka, kwa kugandishwa au kwa kuchomwa, kisha mara nyingi hurudi. Mwanamke hujiona mchafu na kuepuka kuguswa. Akiwa mjamzito vinyama huweza kukua haraka, naye huingiwa na hofu ya kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, ingawa jambo hilo hutokea kwa nadra sana. Pwani, mambo ya unyumba huelezwa kwanza kwa somo (kungwi wake), shangazi au shoga wa karibu. Hao wakiwa na maarifa sahihi mgonjwa hufika zahanati mapema, wakiwa nayo potofu huanzia kwa mganga.

Mabadiliko yanayotangulia saratani hayana dalili, na ndiyo maana habari zake hushtua. Katika vituo vingi vya Tanzania na Kenya mhudumu hupaka asidi ya asetiki, ambayo ni siki hafifu, kwenye mlango wa kizazi. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kitabibu utaratibu huu ni bora. Kwa mwanamke aliyekuja akijihisi mzima, masikio hushika neno saratani tu, hata kama ameambiwa wazi kwamba bado hana. Baada ya tiba hutokwa na majimaji na hushauriwa asikutane na mumewe kwa wiki nne hivi. Siri haiwezekani tena: mume lazima ajulishwe. Wapo wanaoomba kwanza ruhusa nyumbani, na baadhi yao hawarudi.

Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo upimaji umeunganishwa na kliniki zao katika vituo vingi. Mpango huo unaokoa maisha. Lakini asiye na VVU huogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki hizo, na mwenye VVU hujiona ametwishwa fedheha ya pili.

Saratani yenyewe inaongoza kwa wanawake wa Tanzania, ikiwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wengi hufika hospitali ikiwa imeenea. Kutokwa damu mfululizo, uchafu wenye harufu na wakati mwingine nasuri (fistula) humtoa mgonjwa katika maisha ya watu: haendi msibani wala harusini, na hula peke yake. Baadhi ya Waislamu huacha kuswali, wakiidhani damu hiyo kuwa hedhi. Fiqhi huihesabu kuwa istihadha, ambayo haimzuii mwanamke sala wala saumu. Asiyeambiwa hivyo hupoteza faraja ya ibada wakati anapoihitaji mno.

Tiba nayo ina machungu yake. Upasuaji wa kuondoa kizazi humaliza uzazi, na mionzi ya nyonga husimamisha hedhi mapema, huweza kuufanya uke uwe mwembamba na kuleta maumivu wakati wa tendo la ndoa. Mahali ambapo heshima ya mke hupimwa kwa watoto, asiyezaa bado huishi na hofu ya kuletewa mke mwenza. Mambo haya huzungumzwa kidogo mno wodini. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa miaka mingi ilikuwa kituo pekee cha mionzi nchini, na mionzi huchukua wiki kadhaa. Hata serikali inapobeba gharama za tiba, nauli, malazi na shamba lisilolimwa hubaki juu ya familia. Binti mkubwa mara nyingi huacha shule ili alee wadogo zake.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wenye miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi, lakini huwagusa wazazi pale wanapoogopa zaidi. Wengine hudhani kumchanja binti ni kumruhusu kufanya ngono, ilhali chanjo hutolewa utotoni kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya maambukizi.

Ushauri unaotolewa kwa mke na mume pamoja, ukieleza kwamba virusi hivi ni vya kawaida na havionyeshi nani alikosea, hupunguza tuhuma kabla hazijaota mizizi. Shirika la Afya Duniani pia linakubali mwanamke kujichukulia mwenyewe sampuli ya ukeni kwa kipimo cha HPV, njia inayowafaa wanaoona haya kufunuliwa mbele ya mhudumu. Majibu yakiwa chanya bado atahitaji kuchunguzwa kitandani, na kwa wengi lugha ya mhudumu siku hiyo ndiyo huamua kama watarudi.