Ile chupa ya mvinyo kabatini, ifunguliwe lini?

Wadau, chupa 'ya maana' tunazijua: zawadi ya harusi, au mzee alirudi nayo safari, ikawekwa kabatini kusubiri siku kubwa. Siku yenyewe haifiki.

Ndiyo maana mwaka 1999 Dorothy Gaiter na John Brecher, mke na mume waliokuwa wakiandika safu ya mvinyo kwenye gazeti la Wall Street Journal, Marekani, walitenga siku ya kufungua chupa za namna hiyo: Jumamosi ya mwisho ya Februari, kila mwaka.

Kusubiri nako kuna hasara. Mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Aina chache tu ndizo huzidi kunoga zikikaa. Nazo hutaka giza na ubaridi wa kama digrii 13, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Kabati la sebuleni Dar, kwenye joto la digrii 30, ni balaa.

Jinsi ya kuifungua: isimamishe siku moja au mbili kabla, mashapo yatulie chini. Zungusha kizibuo polepole, maana kizibo cha zamani hukatika. Vipande vikidondokea ndani, chuja kwa kitambaa safi. Mimina taratibu, mashapo yabaki. Mvinyo wa zamani ukishafunguliwa haungoji kesho.

Na kama aliyekupa bado yupo, mwite muifungue pamoja. Hata ikikutwa imegeuka siki, mtakuwa mmekaa naye.