Nani Alisema Jicho Langu ni Urembo Tu?

Kuna mpiga picha pale Ukunda ameshanipiga picha za pasipoti mara tatu, na mara zote tatu ameniambia neno lilelile: "Dada, fungua jicho." Mimi humjibu, "Limefunguka." Anacheka, anadhani ni mzaha. Kisha anaangalia kamera, ananiangalia mimi, anaangalia kamera tena, na hapo kicheko kinakatika.

Kope yangu ya kulia imelegea tangu nizaliwe. Haifuniki jicho lote. Inashuka mpaka karibu na mboni, inakaa hapo kama pazia lililokwama. Nyinyi mnaonifuatilia mtashangaa kusikia haya, maana hamjawahi kuiona. Hamjaiona kwa sababu nafanya kazi kubwa msiione. Wanja wa kulia naupaka mzito kuliko wa kushoto. Taa naiweka upande mmoja. Kichwa nakirudisha nyuma kidogo, na ile nyusi yangu ya juu ambayo mnasema ati ni madaha, wallahi si madaha, ni msuli wa paji la uso unasaidia kope iliyoshindwa kazi.

Shuleni waliniita Chongo. Mama yangu hakuwahi. Yeye alikuwa akisema nina macho ya usingizi, macho ya mtoto wa kifalme. Ukipenda chongo huita kengeza, na huyo ndiye mama yangu hasa.

Lakini nikiwa na miaka sita hivi alinipeleka hospitali. Sitaitaja. Tulipanga foleni tangu alfajiri, jua likatukuta, na tulipoingia mhudumu aliniinua kidevu, akaniuliza vidole vingapi, nikajibu. Akamwambia mama, "Anaona, si anaona? Basi huo ni urembo tu. Atazoea." Tukapanda matatu tukarudi nyumbani.

Urembo tu. Nimelibeba neno hilo miaka kumi na kitu. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo sina digrii ya historia wala ya udaktari. Nina bando na ukaidi. Nikaanza kutafuta: huu mpaka kati ya tiba na urembo aliuchora nani? Maana lazima kuna mtu aliuchora, na jicho langu likaangukia upande usiolipiwa.

Naanza na wanja, maana wanja ndio ninaoujua. Waarabu wanauita kuhl. Na daktari wa macho, katika vitabu vyao vya zamani, anaitwa kahhal. Umeisikia hiyo? Jina la daktari limetoka kwenye wanja. Kilekile kichupa ambacho nyanya yangu alikuwa akinipaka nikiwa mchanga, kwa watu wa Baghdad kilikuwa dawa na pambo pamoja. Karibu miaka 1000 iliyopita aliishi hapo Baghdad kahhal mmoja, Ali ibn Isa, aliyeandika kitabu cha magonjwa ya macho kiitwacho Tadhkirat al-Kahhalin, na waganga wakakitumia kwa karne nyingi. Zama hizohizo, kule Cordoba nchini Hispania, al-Zahrawi aliandika jinsi ya kutibu kope iliyolegea: unakata kipande cha ngozi chenye umbo la jani, unashona, au unaichoma kwa chuma cha moto ijikunje. (Hiyo ya chuma cha moto, asanteni, sitaki.) Kope iliyolegea kwao ilikuwa ugonjwa wa jicho kama magonjwa mengine ya jicho.

Jina la kizungu la upasuaji huu, blefaroplasti, lilikuja baadaye sana, mwaka 1818, kutoka kwa Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe. Lakini aliyenigusa mimi ni Mjapani anayeitwa Mikamo. Mwaka 1896 alichapisha habari za mwanamke aliyezaliwa na jicho moja lenye mkunjo juu ya kope na jicho la pili halina. Mikamo akapitisha nyuzi za hariri kwenye kope isiyo na mkunjo ili ifanane na mwenzake. Leo operesheni ya kutengeneza mkunjo ni biashara kubwa mno huko Korea, Japani na China, na watu wengi wanaamini ilianza ili Waasia wafanane na Wazungu. Kumbe yule wa mwanzo kabisa kuandikwa alikuwa mtu wa macho yasiyolingana. Hakutaka macho ya mtu mwingine. Alitaka macho yake mawili yaelewane.

Niliposoma hilo niliweka simu chini, nikanyamaza kama dakika tano.

Kisha vikaja vita, na hapa ndipo hadithi inapoanza kuelekea kwetu. Mwaka 1916 baharia Mwingereza, Walter Yeo, aliungua uso katika vita vya majini vya Jutland. Kope zake ziliharibika, za juu na za chini. Hebu fikiria jicho lisilofumba hata usiku. Linakauka, linapata vidonda, mwisho linakufa. Mwaka 1917 daktari kutoka New Zealand, Harold Gillies, alichukua ngozi ya kifua cha Yeo akamtengenezea kope mpya. Huo ndio upasuaji unaoitwa wa plastiki, na kabla hujafikiria beseni na ndoo, neno hilo asili yake ni Kigiriki, maana yake kufinyanga.

Vita vya pili vilipokuja, kazi ikashikwa na ndugu yake Gillies wa mbali, Archibald McIndoe, katika mji wa East Grinstead. Kwake waliletwa marubani walioungua ndani ya ndege. Mwaka 1941 wagonjwa hao walianzisha chama chao, wakajiita klabu ya panya wa majaribio, na vita vilipoisha walikuwa wanachama 649. Kitu cha kwanza McIndoe alichowahi mara nyingi ni kope, kuokoa macho. Hiyo ni tiba, hakuna wa kubisha. Lakini Gillies huyohuyo na McIndoe huyohuyo walikuwa pia na wateja wa kujilipia, matajiri waliotaka sura nzuri. Mkasi uleule, sindano ileile.

Sasa angalia matawi mawili ya mti huu. Tawi moja ni Mmarekani Ralph Millard, aliyejifunza kwa Gillies na baadaye akaandika naye kitabu. Miaka ya 50 alipelekwa Korea na jeshi. Mkalimani mmoja Mkorea akamwomba amtengenezee macho ya mviringo, kwa sababu Wamarekani aliofanya nao kazi walimwona kama mtu asiyeaminika. Millard akamfanyia, akaandika juu ya kazi hiyo mwaka 1955. Mimi hapo huwa nakasirika kidogo. Macho ya mkalimani hayakuwa na ugonjwa wowote. Waliokuwa na shida ni waliomtazama.

Tawi la pili ni McIndoe na madaktari wawili waliopita mikononi mwake East Grinstead. Mmoja ni Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akiishi Kenya. Wa pili ni Tom Rees wa New York. Watatu hao, mwaka 1957, ndio walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ile tunayoijua leo kwa jina la AMREF. Mpango wenyewe waliuzungumza huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ndege ndogo zikaanza kuwafikia watu wa mbali: walioungua moto, watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, watu walioraruliwa na wanyama.

Na unajua Rees, akirudi New York, alikuwa akifanya nini? Alikuwa bingwa mkubwa wa upasuaji wa urembo. Mwaka 1973 yeye na mwenzake Donald Wood-Smith walitoa kitabu kizima juu ya upasuaji wa urembo wa uso. Kope za wenye pesa wa Manhattan na nyuso za wanakijiji wa Afrika Mashariki zilipita mikononi mwa mtu mmoja. (Uzeeni akageuka mchongaji wa sanamu, na mimi sikushangaa hata kidogo.) Mkono wa Rees haukubadilika akivuka bahari. Kilichobadilika ni nani analipa, na kwa sababu gani. Huo mpaka niliokuwa nautafuta haukuchorwa kwenye ngozi ya mtu. Ulichorwa kwenye risiti.

Hapa Kenya upasuaji wa kope ambao serikali na mashirika wameupigania sana ni wa trakoma, ugonjwa ambao Watanzania wanauita vikope. Kope inajikunja ndani, nywele zake zinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa, mpaka linaingia giza. Turkana, Narok, Kajiado, Baringo, Pokot Magharibi, huko ndiko ulikotesa watu. Mpango wa Shirika la Afya Duniani una nguzo nne, na ya kwanza ni upasuaji wa kope. Wanaoufanya mara nyingi ni maafisa wa kliniki na wauguzi waliofunzwa, kwa ganzi tu, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kwetu kusini mwa pwani trakoma si habari yetu. Habari yetu ni mtoto wa jicho. Nikipanda matatu kwenda Msambweni napita Mwabungo, pale penye Kwale Eye Centre, kituo ambacho tangu miaka ya 90 kimewarudishia wazee wengi nuru. Na nakubali bila kuvutana: mzee wa Lunga Lunga asiyemwona mjukuu wake atangulie mbele yangu. Siombi kuruka foleni. Ila kuambiwa "wewe si wa kwanza" na kuambiwa "wewe huumwi" ni maneno mawili tofauti, na mama yangu aliambiwa la pili.

Tena yule mhudumu hakuuliza maswali ya maana. Kope ikiziba mboni ya mtoto mdogo, ubongo unazoea kulipuuza jicho hilo, na akivuka miaka saba, minane hivi, kulirudisha ni kazi ngumu sana. Mimi ilikuwa bahati tu, kope iliishia juu ya mboni. Mtoto mwingine katika foleni ile angeweza kurudi nyumbani na "atazoea" yake, na jicho likapotea kimyakimya. Kama una mdogo wako mwenye kope kama yangu, mpelekeni akapimwe na mtu wa macho mapema, msisubiri azoee.

Mwaka jana nilikwenda kupimwa mwenyewe, kwa pesa zangu. Daktari aliniinua kope ya kulia kwa kidole, akaniambia niangalie kioo. Kope ya kushoto, ile nzima, ikashuka! Nikashtuka. Akanieleza kwamba ubongo hutuma amri moja kwa kope zote mbili. Ya kulia ni dhaifu, kwa hiyo ubongo unaongeza nguvu, na ya kushoto inapata nguvu isiyoihitaji inafunguka kupita kiasi. Mjerumani Ewald Hering alilieleza jambo hili la macho mawili kupokea amri moja katika karne ya 19. Kwa hiyo ukiinua moja bila kufikiria, unaweza kuangusha nyingine. Akaniambia wazi: tutasogeza zikaribiane, usitarajie zilingane kama rula.

Shangazi yangu hajafurahi. Anasema ninabadilisha uumbaji. Nikaenda kwa ustadhi aliyenifundisha madrasa, nikakaa mkekani pake, nikamwamkia, nikamweleza. Akanikumbusha habari ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikamwozea, na Mtume akamwambia aweke ya dhahabu. Kisha akaniuliza, "Jicho lenyewe linakuuma, mwanangu?" Nikamwambia jicho haliumi, kinachouma ni paji la uso, kila jioni, kwa kuibeba kope siku nzima. Akatikisa kichwa, akaniombea dua.

Hilo la kuuma nimemwambia kweli. Lakini sikumwambia yote, na nyinyi nawaambia. Sijui ni mimi nani, yule mwanamke wa Mikamo au yule mkalimani wa Millard. Kuna asubuhi nataka tu macho yangu yapumzike, yaelewane. Na kuna usiku, nikihariri video, naweka filta inayonyoosha uso, naona yule dada mwenye macho sawasawa, na ninamtamani kuliko ninavyojitamani. Filta ile imetengenezwa na watu wasionijua. Nimejaribu kuyatenganisha hayo mawili miezi mingi, sikuweza.

Nimepewa tarehe, baada ya Ramadhani. Pesa ni za matangazo mawili ya hoteli, na mama ameongeza fungu lake la chama, akisema yale macho ya kifalme yalikuwa yakimgharimu tangu zamani. Wiki mbili sitapaka wanja, daktari amekataza. Video ya wiki hii nimeirekodi hivyohivyo, taa mbele, kichwa sawa, nyusi chini. Jicho la kulia ndilo lile dogo.