Risasi ya Mpanda na gari linaloogopa baridi

Ukifika stesheni ya Mpanda, reli imekwisha. Tawi hili la kilomita 210 hivi kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950, na sababu yake kubwa haikuwa abiria wala mahindi. Ilikuwa risasi. Siyo ya bunduki, bali ile metali nzito ya kijivu iliyochimbwa hapo na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki.

Sasa, risasi inahusianaje na gari la umeme? Inahusiana sana, kwa sababu ndiyo iliyoliendesha mwanzoni. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alichovya mabamba ya risasi kwenye tindikali ya salfa, akapata betri inayoweza kuchajiwa tena. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari lenye betri za aina hiyo kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna gari lililokuwa limewahi kufika hapo, hata la petroli.

Lakini betri hizo zilikuwa nzito, na baridi ilizilegeza. Kukiwa na baridi, kemia ya ndani ya betri hupunguza mwendo. Hewa ikishuka hadi nyuzi sifuri, betri ya risasi hutoa takriban asilimia 80 tu ya chaji yake. Halafu mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikaleta starta ya umeme ya Charles Kettering, na watu wakaachana na kuzungusha hendeli. Kumbe betri ileile ya risasi ndiyo iliyolisaidia gari la petroli kulishinda gari la umeme!

Leo betri ni za lithiamu, ila baridi bado ina deni lake. Mwaka 2020 chama cha wenye magari cha Norway, NAF, kilijaribu magari 20 ya umeme wakati wa baridi. Kwa wastani yalipoteza asilimia 18.5 ya umbali wa chaji moja. Kosa si la betri peke yake. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, kwa hiyo kupasha kabini ni bure. Mota ya umeme haipotezi hivyo, na joto lote unalinunua kutoka kwenye betri.

Hebu tupige hesabu ya huku kwetu. Mpanda hadi Sumbawanga ni kama kilomita 240, na unapanda takriban mita 700. Gari linalokula yuniti 16 (zilezile za LUKU) kwa kilomita 100 litahitaji yuniti 38 hivi kwa barabara tambarare. Kama lina kilo 1,700, kuliinua mita 700 kunaongeza yuniti 3 na kidogo. Sasa weka usiku wa Julai, baridi ya Ufipa, na hita ya wati 1,000 kwa saa nne. Hizo ni yuniti 4.

Umeona? Hita imekula kuliko mlima. Ukiwa na betri ya yuniti 44, bila hita unafika ukiwa umebakiza mbili. Ukiiwasha, huingii Sumbawanga.

Sumbawanga si Norway, lakini dawa ni zilezile. Pasha gari joto likiwa bado kwenye chaja, umeme utoke ukutani. Washa joto la kiti, ambalo hula wati chache sana, kabla ya kugusa hita ya kabini. Pima upepo wa matairi, maana hewa hujibana kwenye baridi na tairi laini linakula chaji. Punguza mwendo.

Na koti usiliache Mpanda. Halili hata yuniti moja.