Mashine ziliuzwa, karatasi zikatupwa

Msimu wa mpunga uliopita nilikuwa Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Nilikwenda kusalimia jamaa, nikakuta foleni ya magunia mbele ya mashine ya kukobolea. Mashine ilikuwa imekufa. Shafti ilikuwa imekatika, na pale panapokaa beringi palikuwa pamelika kiasi kwamba hata ukipima hupati kipimo chake cha asili.

Mwenye mashine hakukimbilia Mpanda mjini kwanza. Alimwendea mzee mmoja, fundi mstaafu, ambaye miaka ya 1980 alikuwa mkerezaji katika kiwanda kimoja cha umma. Mzee hakuigusa ile shafti. Aliingia ndani, akatoka na daftari lililoliwa kingo na mchwa, akafunua ukurasa na kusema, "Hii tuliwahi kuichonga. Vipimo ni hivi." Vilinakiliwa, vikapelekwa kwa mkerezaji mjini, na kesho yake jioni Kakese ilikuwa inakoboa.

Nilimuuliza: "Mzee, michoro yenyewe ya kiwanda iko wapi?" Akacheka kidogo. "Mwanangu, kiwanda kilipofungwa nilikuta michoro inafungiwa karanga stendi."

Ndugu msomaji, jibu hilo limenikaa rohoni, na ndilo ninalotaka tulizungumze wiki hii.

Kuna mashine zinazosaga, zinazofuma na zinazokoboa. Halafu kuna mashine mama, yaani zile zinazokereza, kutoboa na kuchonga chuma ili mashine nyingine zizaliwe. Nchi isiyo na mashine mama hununua kila kitu kwa wenzake, hadi nati.

Wazee wetu walilijua hilo. Katika Mkakati wa Viwanda vya Msingi, uliopangwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1995, chuma na uhandisi vilipewa nafasi ya mbele. Kule Mang'ula, Kilombero, tulikuwa na karakana kubwa ya uhandisi iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA uliofanywa kwa msaada wa China. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, kwa msaada wa Bulgaria, lilianzisha Kilimanjaro Machine Tools katika wilaya ya Hai, kiwanda cha kutengeneza zile mashine mama zenyewe.

Kilizaliwa wakati mgumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalikuwa yamepanda bei na fedha za kigeni hazikupatikana. Mwaka 1986 tukatia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Novemba 1989 utawala wa Bulgaria uliokuwa rafiki yetu ukaanguka. Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, na viwanda vingi vikaingia katika orodha ya kuuzwa.

Anayeuza kiwanda huhesabu kiwanja, majengo, mashine na madeni. Hakuna anayehesabu kabati la michoro. Karatasi haina bei mnadani, kwa hiyo mnunuzi huiona takataka, na muuzaji huona si mali.

Lakini karatasi hiyo ndiyo akili ya kiwanda. Mchoro unakwambia kipuri kina milimita ngapi. Daftari la oda linakwambia ni nani alitaka mashine, ya kazi gani, na kama alilipa. Orodha ya mishahara inakwambia vijana wangapi walifundishwa kazi. Barua za kuomba fedha za kigeni zinakwambia mashine ilisimama mwezi gani na kwa sababu gani. Leo tunabishana kama viwanda vyetu viliuawa na uzembe, ama ukata, ama masharti ya wakubwa. Tunabishana kwa kelele kwa sababu ushahidi ulifungiwa karanga.

Wenzetu nao viwanda vyao vimekufa. Kampuni ya Alfred Herbert ya Coventry, Uingereza, ilianza mwaka 1888 ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa mashine mama duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilianguka. Lakini nyaraka zake zimetunzwa katika hifadhi ya mji uleule, na anayetaka kujua ilivyoishi na ilivyokufa anakwenda kusoma. Kampuni ilizikwa, lakini wosia wake umebaki.

Sisi hatukosi sheria. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na nyaraka za umma zikitimiza miaka 30 mwananchi anaruhusiwa kuzisoma. Piga hesabu. Karatasi za mwaka 1992, PSRC ilipoanza kazi, zimekwisha kutimiza umri huo. Mlango umefunguliwa, lakini je, chumbani kuna kitu?

Habari njema ni kwamba NDC imekuwa ikikifufua kiwanda cha Hai, pamoja na kukiwekea tanuri la kuyeyushia chuma. Ombi langu ni dogo: kabla ya kununua mashine mpya, wafungue makabati ya zamani. Na kila halmashauri yenye kiwanda kilichokufa ipeleke mtu wa nyaraka kwenye stoo zake kabla mvua na mchwa hawajamaliza kazi yao. Wastaafu nao waulizwe, maana mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenyewe mara nyingi liko chini ya kitanda cha mstaafu.

Nilipomuaga yule mzee wa Kakese alikataa soda. Aliniomba nimletee daftari jipya la karatasi ngumu, apate kunakili lile la zamani wakati macho bado yanaona. Nimelinunua. Wiki ijayo linapanda gari la Mpanda.