Mwana Hiti kati ya Zamu na Umiliki: Tafakuri ya Kihistoria kutoka Tosamaganga

Kwa wakusanyaji wa sanaa za kale, mwana hiti ni mwanasesere wa mti ambaye hachongwi tena kwa kazi yake ya asili. Kwa hiyo ni adimu, na kwa kuwa ni adimu ana bei. Kwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wakutu na Waluguru waliomlea, hakuwa mali ya mtu mmoja. Alikuwa na zamu. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ndogo ya kimtazamo ndiyo inayoeleza ni kwa nini wanasesere wengi wa aina hii walioko leo katika makabati ya Ulaya na Marekani hawana historia inayoweza kuandikwa. Mti upo, umehifadhiwa vizuri. Orodha ya waliomshika ndiyo iliyopotea.

Huenda msomaji akashangaa kwamba hoja hii inajengwa kutoka Tosamaganga, katika nyanda za Uhehe, nje kabisa ya eneo la mwana hiti. Sababu ni mbili, na zitajadiliwa mahali pake: watawa walioanzisha misheni hii ndio waliokuwa wametangulia kuishi miongoni mwa Wazaramo, na jirani ya Tosamaganga, huko Kalenga, umehifadhiwa mfano ulio wazi kuliko yote wa kitu kilichorudi nyumbani baada ya kumbukumbu zake kukatika.

Umbo la mwana hiti ni rahisi kulieleza. Ni kipande cha mti cha duara, mara nyingi chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, hakina mikono wala miguu. Matiti na kitovu huonyeshwa kwa vinundu vidogo, na uso haukutiliwa mkazo. Mkazo wote umewekwa kichwani, kwenye msuko uliosimama kama upanga, kwa kawaida wenye ncha mbili. Alivishwa shanga, na baadhi walibandikwa nywele halisi. Umbo lilelile huonekana juu ya bakora za wakuu, kwenye viti na kwenye nguzo za makaburi, jambo linaloonyesha kwamba hatuzungumzii kitu cha kuchezea tu. Pale ambapo mti uliochongwa haukupatikana, kibuyu kidogo au gunzi la mahindi lilishika nafasi yake. Jambo hili la gunzi wakusanyaji hulipita haraka, kwani gunzi halikai kabatini. Lakini kwa mtafiti ni ushahidi mzito. Linaonyesha kwamba kilichohitajika kilikuwa kule kulea kwenyewe, na mti ulikuwa njia mojawapo ya kukutimiza.

Aliyelea alikuwa mwali. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi na wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka, chini ya uangalizi wa kungwi na wanawake wa ukoo. Humo alimwosha mwana hiti, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele na kumtunza kama atakavyomtunza mtoto wake. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, na kuchapisha utafiti wake mwaka 1970, alimweka mwana hiti katika mfumo mpana wa alama za uzazi na ukoo wa Wazaramo, pamoja na mti wa mkole ambao chini yake mafunzo ya mwali yalifanyika. Usomaji huo una faida kubwa kwa mwanahistoria: unatuzuia kumtenga mwanasesere na nyumba, wimbo na watu waliomzunguka. Mwali alipotolewa nje, mwana hiti alirudi kwa mtunzaji, akasubiri mwali mwingine wa ukoo uleule. Bibi, mama, binti, mjukuu: kila mmoja aliongeza mafuta yake juu ya mafuta ya aliyemtangulia.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe inatusaidia hapa. Mwana hiti hupatanishwa na ngeli ya watu: ameoshwa, amevishwa, amerudishwa. Anapoingia kwenye kadi ya makumbusho hugeuka kuwa kinyago, na tangu hapo kimepatikana, kimepimwa, kimenunuliwa. Sidhani kuwa mabadiliko haya ya kiambishi ni ya bahati mbaya.

Kukoma kwa desturi hakukuwa na sababu moja. Dini zote mbili kubwa za pwani zililitazama jando na unyago kwa mashaka, ingawa kwa viwango tofauti na bila kufanikiwa kulifuta. Uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 ulivuruga makazi ya koo. Hata hivyo, kwa maoni yangu shule ilikuwa na nguvu kuliko vyote hivyo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwali aliyetakiwa darasani hakuweza kukaa ndani miezi mingi. Muda wa kuwekwa ndani ulifupishwa hadi likizo, kisha hadi siku chache. Ni vigumu kulilalamikia jambo hili. Wasichana hao walipata kusoma. Lakini mwana hiti alikuwa chombo cha muda mrefu, na muda huo ulipoondoka alibaki bila kazi, amefungwa katika kitambaa chini ya kitanda cha bibi. Ndipo mnunuzi alipobisha hodi.

Kilele cha kuthaminiwa kwake nje ya nchi kilikuja katika miaka ya 1990. Marc Felix alichapisha kitabu kilichobeba jina la Mwana Hiti mwaka 1990, na mwaka 1994 maonyesho makubwa ya sanaa za uchongaji za Tanzania yalifanyika Berlin na Munich, kitabu chake kikiwa na kichwa kidogo cha Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Kazi hizo zilikuwa na manufaa ya kweli: zilipinga dhana ya muda mrefu kwamba Tanzania, ukiwaondoa Wamakonde, haina uchongaji wa kujivunia. Lakini zilithibitisha pia kigezo cha soko. Mkusanyaji humtambua mwana hiti wa kweli kwa mng'ao wake: weusi ulioiva, kingo zilizolainika, tundu la shanga lililopanuka kwa kuvaliwa. Kwa maneno mengine, anacholipia ni alama za mikono ya wanawake ambao majina yao hayaulizi. Waigaji wamelielewa hilo vyema, nao huufukiza mti mpya moshi na kuupaka mafuta ili uonekane umepitia vizazi vitatu ndani ya wiki tatu.

Sasa turudi nyanda za juu. Wabenediktini wa St. Ottilien, Bavaria, walifika Pugu, katika Uzaramo, mwaka 1888. Kituo chao kikateketezwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Kalenga ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894, haikupita miaka mingi watawa wa shirika hilohilo wakajenga Tosamaganga, umbali mfupi kutoka kwenye magofu ya ngome hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nafasi yao ilichukuliwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, na mwaka 1922 Iringa ikawa jimbo la kitume chini ya Francesco Cagliero. St. Ottilien wana makumbusho ya misheni hadi leo, yenye vitu vya Afrika Mashariki.

Linalovutia ni namna mbili za kuandika zilizokaa ndani ya shirika moja. Kanuni za Kanisa zinadai kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, na humo huandikwa jina la mtoto, wazazi wake, msimamizi wake, mahali na tarehe. Mtu aliyebatizwa hawezi kupotea katika maandishi. Vitu vilivyokusanywa enzi hizohizo, na wamisionari pamoja na maofisa, mara nyingi viliandikiwa kabila, mahali na jina la aliyevituma. Laiti mwana hiti mmoja angeandikwa kwa utaratibu wa kitabu cha ubatizo, pamoja na msimamizi wake, leo tungekuwa na nasaba ya wanawake wa karne nzima. Si kwamba dhana ya kitu kisicho na mmiliki binafsi ilikuwa ngeni kwa Wakatoliki: sanamu ya Mtoto Yesu inayolazwa pangoni kila Noeli, na kubusiwa na waumini katika parokia nyingi, ni ya parokia, hupita kutoka kwa watunzaji hadi watunzaji, na hakuna paroko anayehama nayo.

Mfano wa Kalenga unahitaji tahadhari, kwani kulinganisha fuvu la mtu na mwanasesere kunaweza kuonekana kukosa adabu. Ulinganisho hapa ni wa kumbukumbu tu. Mkwawa alifariki Julai 1898, kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Kilirudi Juni 1954, miaka 35 baadaye, kutoka makumbusho ya Bremen, na Gavana Edward Twining akakikabidhi kwa Chifu Adam Sapi. Kwa kuwa hati za kukithibitisha hazikuwepo, Twining alilazimika kuchagua kati ya mafuvu mengi kwa vipimo vya kichwa, akivilinganisha na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Ukoo ulikuwepo, ulijulikana, ulidai. Na bado rula ilihitajika. Mwana hiti hana hata rula. Ukoo uliomlea ukimdai kesho, hakuna kipimo cha kumtofautisha na mwenzake wa kijiji cha pili.

Sheria nayo inakwama hapohapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka kati ya masalia ya kale na vitu vya kiutamaduni vya baadaye, na inazuia vitu inavyovilinda kutolewa nchini bila kibali. Umri wa mwana hiti hausomeki katika mti wake, uliopakwa mafuta upya na kila kizazi. Ulihesabika kwa njia moja tu: huyu alitunzwa na mama, kabla yake na bibi, kabla yake na mama yake bibi. Katika nyumba za Kisarawe na Maneromango ambako angali amefungwa katika kitambaa, hesabu hiyo bado inaweza kutajwa kwa majina, na mtafiti anayefika huko akiwa na kamera bila daftari ataondoka na nusu iliyokwisha kujaa makumbusho ya Ulaya.